Ripoti ya ajira ya kila mwezi, imepimwa kwa mizani ya Malindi

Bidhaa inayopimwa hapa haiuzwi dukani. Ni ripoti ya kurasa arobaini hivi, hutolewa bure mtandaoni na Ofisi ya Takwimu za Kazi ya Marekani, BLS, kwa kawaida Ijumaa ya kwanza ya mwezi, saa 2:30 asubuhi kwa saa za Washington. Kwetu Malindi hiyo ni saa 9:30 alasiri wakati Wamarekani wamesogeza saa zao mbele, na saa 10:30 wakizirudisha miezi ya baridi. Swala ya Ijumaa imekwisha, wali umeliwa, na mwenye bando anaifungua sekunde ileile inapofunguliwa na wauza hisa wa New York.

Ya nini kuipima huku pwani? Kwanza ni dola. Marekani ndiyo nchi inayoongoza kwa pesa ambazo jamaa walio nje hutuma Kenya, na nambari hii ya Ijumaa huweza kuipandisha au kuishusha dola kabla ya magharibi. Pili ni siasa. Kusimama jukwaani na kutaja "ajira laki kadhaa" si mchezo wa Wamarekani peke yao. Husikika pia mitaani kwetu, Maweni na Barani, msimu wa kura ukikaribia. Tofauti ni kwamba wao wana karatasi ya kila mwezi ya kumkabili nayo msemaji, sisi hatuna.

Hukumu tuiweke mapema ili mwenye haraka aende zake: nyota 4 kati ya 5 kwa ya Marekani, na 2 kwa ile tunayoipata nyumbani. Nyota moja iliyokatwa kwa Wamarekani si kwa sababu nambari zao hubadilika baadaye. Kubadilika ndiko kulikoipa nyota nyingine nne, na hilo ndilo wanasiasa wa pande zote hawataki lieleweke.

Ndani ya pakiti

Kasoro ya kwanza ya matumizi: pakiti moja ina mizani mbili, na kifuniko hakisemi hivyo kwa herufi kubwa.

Mizani ya kwanza ni ya nyumba. Wahoji huzungumza na watu wa kaya takriban 60,000, kila kaya ikihojiwa miezi 4 mfululizo, ikipumzishwa miezi 8, kisha ikirudiwa miezi 4. Humo ndimo hutoka asilimia ya ukosefu wa ajira. Mizani ya pili ni ya waajiri. Kampuni na ofisi za serikali zipatazo 121,000 huulizwa ni wangapi waliolipwa katika kipindi cha mshahara chenye tarehe 12 ya mwezi. Humo ndimo hutoka ile "ajira elfu kadhaa zimeongezeka". Tarehe 12 ndiyo msumari wa kila kitu: ya nyumba nayo huuliza kuhusu wiki yenye tarehe hiyo. Kampuni iliyofunga tarehe 20 haionekani mpaka ripoti ya mwezi unaofuata.

Mizani hizi hazipimi kitu kimoja. Ya waajiri huhesabu nafasi za kazi, si watu. Mpishi anayepika hoteli moja mchana na nyingine usiku ni wawili. Msaidizi wa nyumbani hayumo. Mwenye tuktuk yake hayumo. Nahodha mwenye mashua yake hayumo, na hata mkulima hayumo, maana kilimo chote huachwa nje. Ya nyumba huwahesabu wote hao, kila mtu mara moja. Kwa hiyo mwezi mmoja ya waajiri inaweza kupanda huku ya nyumba ikishuka, na hakuna aliyedanganya. Msemaji wa serikali atashika ile iliyopanda, mpinzani atashika ile iliyoshuka, na wote wawili wataapa kwamba wamesoma ripoti. Wameisoma kweli, kila mmoja na nusu yake.

Mgomo nao huwatenganisha. Mfanyakazi aliyegoma kipindi kizima cha mshahara hakulipwa, kwa hiyo ya waajiri humfuta. Ya nyumba husema ana kazi, ila hakuwapo kazini. Oktoba 2024 mafundi takriban 33,000 wa Boeing walikuwa wamegoma, na vimbunga vilikuwa vimepiga majimbo ya kusini mashariki. Ripoti ilitoka 1 Novemba, siku 4 kabla ya uchaguzi wa rais, ikiwa na ajira 12,000 tu. Asilimia ya ukosefu wa ajira haikutikisika. Aliyetaka kuogofya alikuwa na nambari, na aliyetaka kutuliza alikuwa nayo pia.

Swali ni moja, masanduku ni matatu

Hapa ndipo pa kukaa, kwa sababu siasa nyingi za takwimu za ajira huanzia mlangoni kwa mtu na si ofisini.

Kanuni ya kimataifa, ile ya Shirika la Kazi Duniani, ni kwamba aliyefanya kazi ya malipo au faida hata saa moja katika siku 7 ana ajira. Mama aliyekaanga viazi karai Jumanne jioni, akauza sahani sita, akafunga kwa sababu mvua ilinyesha, ana ajira. Watu hukasirika wakilisikia hili, na barazani huwa kichekesho. Lakini kanuni haikutungwa ili kuficha umaskini. Ilitungwa ili kila saa ya kazi iliyozalisha pato la nchi ionekane upande wa wafanyakazi pia. Kosa ni la anayechukua jibu la "ana ajira?" na kulitangaza kama jibu la "anaishi vizuri?". Wamarekani hufuata kanuni hiyohiyo, isipokuwa anayesaidia biashara ya jamaa bila malipo: kwao lazima afikishe saa 15 kwa wiki.

Asiye na ajira kwa kawaida lazima awe na mambo matatu: hana kazi, yuko tayari kuianza, na ameitafuta katika wiki 4 zilizopita. Asiyetafuta hayumo kabisa katika hesabu ya asilimia. Chukua watu 100: 90 wana kazi, 10 wanatafuta. Ukosefu wa ajira ni asilimia 10. Watano kati ya wale kumi wakichoka kubisha milango na kurudi kuketi maskani, waliobaki ni 5 kati ya 95, yaani asilimia 5.3. Kiwango kimeshuka karibu nusu na hakuna hata mmoja aliyepata kibarua. Ndiyo sababu msomaji mzoefu hutazama pia mstari mwingine katika jedwali A-1, ule wa sehemu ya watu wazima wote walio na kazi. Huo haudanganyiki kwa watu kukata tamaa: katika mfano wetu ungebaki palepale, 90.

Sasa mlete mhoji Malindi mwezi wa Mei. Masika imeshika, kusi inavuma, hoteli ya Casuarina imefunga mpaka Julai. Mhudumu ameambiwa na meneja: "Nenda nyumbani, tutakuita." Mhoji anauliza: katika siku saba zilizopita ulifanya kazi yoyote ya malipo, hata saa moja? Kama Jumamosi alimshikia ndugu yake tuktuk, maswali yamekwisha, ana ajira. Kama hakufanya lolote, linakuja swali la pili: una kazi ambayo hukwenda wiki hiyo? Yeye moyoni ni mtu wa hoteli, kwa hiyo atajibu "ndiyo". Mhoji mvivu ataandika hapo kwamba ana ajira. Mhoji aliyefundishwa atachimba: bado unalipwa? Umeambiwa tarehe ya kurudi? Mfanyakazi wa msimu asiye na jukumu lolote msimu ukiwa umelala hahesabiwi kuwa na ajira. Akiwa na ahadi ya kuanza ndani ya miezi 3, huhesabiwa asiye na ajira hata kama hajatafuta popote. Akiwa na "tutakuita" tupu isiyo na tarehe, na hajatafuta, anatupwa nje ya nguvukazi.

Mtu mmoja, jibu moja, masanduku matatu. Kinachoamua ni jinsi mhoji alivyolisikia neno "tutakuita".

Usidhani hilo ni tatizo la kwetu. Aprili 2020, korona ilipofunga biashara, wahoji wa Marekani waliwaandika watu wengi waliorudishwa nyumbani kuwa "wana kazi, hawakuwapo kwa sababu nyingine", badala ya kuwaandika wamesimamishwa kwa muda. Ukosefu wa ajira ulitangazwa asilimia 14.7. BLS wenyewe waliandika ndani ya ripoti hiyohiyo kwamba kama watu hao wangepangwa sawasawa, kiwango kingekuwa juu kwa karibu pointi 5. Hawakubadilisha nambari kuu, maana kanuni yao ni kwamba jibu la mhojiwa haligeuzwi ofisini baada ya kuandikwa. Mwezi uliofuata kosa likajirudia, kwa kiasi kidogo zaidi, na kiwango kikashuka hadi 13.3. Wengine walishangilia, wengine wakalia njama, na maelezo yalikuwa pale chini ya ripoti tangu saa ya kwanza.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: ofisi inayochapisha kosa lake pembeni ya nambari yake ni nadra.

Nambari inayobadilika

Anayejua kazi ya karani wa BMU, kile kikundi cha kusimamia ufuo wa wavuvi, ataielewa sehemu hii upesi. Jioni anaandika kilo zilizokwisha kupimwa, na mashua mbili bado ziko nje. Bwana wa samaki anataka hesabu ya siku, basi karani anaandika alizonazo na kukisia za mashua mbili kwa kutazama za jirani zao. Zikifika usiku, anasahihisha. Asiposahihisha ndipo pa kumshuku.

Ripoti ya waajiri huenda hivyohivyo. Siku ya kwanza kuna kampuni ambazo hazijajibu. Majibu yao huingia katika mwezi wa pili na wa tatu, na kila mara hesabu ya msimu hupigwa upya, kwa hiyo kila mwezi husahihishwa mara mbili. Baada ya hapo, mara moja kwa mwaka, jumla nzima hulinganishwa na rekodi za kodi ya bima ya ukosefu wa ajira, ambazo hugusa zaidi ya asilimia 95 ya kazi zote. Kampuni zilizozaliwa jana hazimo kwenye sampuli na zilizokufa hazijibu, kwa hiyo kuna hesabu ya kukadiria vizazi na vifo vya kampuni. Uchumi ukigeuka ghafla, kadirio hilo huchelewa kugeuka. Hapo ndipo masahihisho makubwa hutoka.

Yaliyotokea 1 Agosti 2025 ni somo zima. Ripoti ya Julai ilikuja na ajira 73,000. Aya moja ndani yake ilisema Mei imetoka 144,000 ikawa 19,000, na Juni imetoka 147,000 ikawa 14,000. Jumla zimepungua 258,000. Sehemu moja kubwa ya pungufu hilo ilitoka shule na vyuo vya majimbo na serikali za mitaa. Siku hiyohiyo Rais Trump alimfuta kazi kamishna wa BLS, Erika McEntarfer, akidai nambari zimechezewa. Ushahidi hakutoa. Kamishna huyo alikuwa amepitishwa na Seneti Januari 2024 kwa kura 86 dhidi ya 8. Mtu wa kwanza aliyependekezwa kuchukua kiti, E.J. Antoni, jina lake liliondolewa mwisho wa Septemba. Kati ya hapo, 9 Septemba, ofisi ikiwa chini ya kaimu, yalitoka makisio ya awali ya masahihisho ya mwaka: ajira 911,000 pungufu kwa miezi 12 iliyoishia Machi 2025. Mwaka mmoja nyuma, chini ya rais wa chama kingine, makisio kama hayo yalikuwa pungufu 818,000. Wanaodai kuna njama wachague basi: ofisi ilimpendelea nani?

Jambo ambalo halikutajwa sana siku ile ni ukubwa wa kosa la sampuli. Badiliko la mwezi mmoja katika ripoti ya waajiri lina ukingo wa zaidi ya 100,000 juu na chini kwa uhakika wa asilimia 90. Yaani 73,000 haiwezi kutofautishwa na sifuri hata bila masahihisho yoyote. Mtangazaji anayesema "ajira zimeongezeka 73,000" kana kwamba zilihesabiwa moja moja ameshakosea kabla mwanasiasa hajafungua mdomo. Kwa hili BLS wanalaumika kidogo: ukingo huo wameuweka nyuma kwenye maelezo ya kiufundi, wakati kichwa cha habari kinabeba nambari iliyo uchi. Nyota iliyokatwa ilikwenda hapo.

Siasa hizi si za juzi. Mwaka 1971 Rais Nixon alikasirishwa na maelezo ya wataalamu wa BLS kwa waandishi wa habari; mikutano hiyo ya kila mwezi ikasimamishwa, na ikulu yake ikafika hadi kuhesabu ni Wayahudi wangapi wanafanya kazi katika ofisi hiyo. Oktoba 2012, kiwango kiliposhuka hadi asilimia 7.8 mwezi mmoja kabla ya uchaguzi, Jack Welch, aliyewahi kuongoza General Electric, alidai hadharani kwamba watu wa Obama wamepika nambari. Washauri wa rais huipata ripoti jioni ya kuamkia siku ya kutolewa, na kanuni inawataka wafunge mdomo. Asubuhi ya 1 Juni 2018 Trump aliandika mtandaoni kwamba anazisubiri kwa hamu nambari za saa mbili na nusu, dakika 69 kabla hazijatoka. Hakutaja nambari yoyote, na masoko yalielewa.

Kaskazi, kusi na Ramadhani

Nambari zinazotangazwa zimeondolewa msimu. Kila Januari, Marekani hupoteza zaidi ya ajira milioni 2 katika hesabu ghafi, kwa sababu wauzaji wa Krismasi na vibarua wa sikukuu wamerudi nyumbani. Hesabu iliyoondolewa msimu inaweza kuonyesha ongezeko mwezi huohuo. Si ulaghai. Malindi kila mtu anajua Mei ni njaa. Hoteli 10 zikifunga Mei na kila mwaka hufunga 10, hakuna habari. Zikifunga 14, habari ni zile 4. Hila ya jukwaani ni kulinganisha nambari ghafi ya msimu mzuri na ghafi ya msimu mbaya, mfano Desemba na Mei, kisha kumtwika lawama au sifa aliyeko madarakani. Dawa yake ni rahisi: Mei ilinganishwe na Mei.

Kwa mwambao wetu kuna tatizo ambalo programu ya Wamarekani ya kuondoa msimu, X-13, haikuletewa suluhu ndani ya boksi. Ina Pasaka yao. Ramadhani hurudi nyuma siku 11 hivi kila mwaka, kwa hiyo mwezi ambao mikahawa ya Lamu na ya mji wa kale wa Malindi hufunga mchana haukai mahali pamoja kwenye kalenda. Anayetaka kuondoa msimu sawasawa huku lazima aiingize Ramadhani mwenyewe kama kigezo cha pembeni. Asipofanya hivyo, mwaka mmoja Machi itaonekana imeanguka na mwaka mwingine imepaa, na mtu atatafuta sababu ya kisiasa kwa jambo ambalo liko kwenye mwandamo wa mwezi.

Mtego mwingine wa tarehe: kila Januari ripoti ya nyumba hupokea makadirio mapya ya idadi ya watu. Januari 2025 makadirio hayo peke yake yaliongeza watu wenye ajira kwa kama milioni 2, wengi kutokana na hesabu mpya ya wahamiaji. Aliyetoa Desemba kwenye Januari alipata muujiza. Asilimia haikuathirika sana. Idadi ndiyo iliyoruka.

Yanayoiharibu

Hofu kubwa zaidi ni mlango usiofunguliwa. Zaidi ya miaka kumi iliyopita karibu asilimia 90 ya kaya zilizochaguliwa zilijibu wahoji wa Marekani. Sasa ni chini ya asilimia 70. Uingereza ilionyesha mwisho wa njia hiyo: mwaka 2023 wanaojibu utafiti wao wa nguvukazi walishuka hadi asilimia 17 hivi, na Oktoba ofisi yao ya takwimu ikasimamisha uchapishaji wake kwa muda.

Serikali ya Marekani ilipofungwa siku 43, kuanzia 1 Oktoba 2025, wahoji hawakwenda kazini. Data za waajiri ziliweza kukusanywa baadaye, maana karatasi za mishahara hubaki kwenye faili. Za nyumba haziwezi, mtu hakumbuki vizuri alifanya nini wiki ya tarehe 12 miezi miwili nyuma. Kwa hiyo Oktoba 2025 haina kiwango cha ukosefu wa ajira. Ni shimo la kwanza katika mfululizo ulioanza 1948.

Ya nyumbani

Kenya haina ripoti ya ajira ya kila mwezi. Shirika la Kitaifa la Takwimu, KNBS, hutoa mfumuko wa bei kila mwezi bila kukosa, lakini ajira hapana. Kuanzia 2019 walijaribu utafiti wa nguvukazi wa kila robo mwaka, na ulifanya kazi yake: ulionyesha ukosefu wa ajira ukipanda kutoka asilimia 5.2 robo ya kwanza ya 2020 hadi 10.4 robo ya pili. Ulikuja kuwa bidhaa bora kuliko zote tulizowahi kupewa. Baada ya 2022 mfululizo huo ukakatika.

Kinachobaki ni Utafiti wa Kiuchumi wa kila mwaka. Toleo la 2025 lilisema mwaka 2024 ziliongezeka ajira 782,300, na kati yake 703,700 zilikuwa za jua kali, yaani sekta isiyo rasmi. Siasa zake hazina fumbo: upande mmoja husoma 782,300, upande wa pili hutoa na kupata 78,600, na kila upande hudai mwenzake amedanganya. Zote mbili zimo. Yasiyosemwa ni matatu. Kwanza, "ajira mpya" ni tofauti ya jumla za miaka miwili; haimaanishi kwamba watu 782,300 waliajiriwa na hakuna aliyefutwa. Pili, wakulima wadogo na wafugaji wameachwa nje tangu mwanzo, kwa hiyo mahindi ya Magarini na ng'ombe wa bara ya Lamu hayamo kabisa. Tatu, za jua kali ni makadirio, hazikuhesabiwa kibanda kwa kibanda. Utafiti mkubwa wa biashara ndogo wa 2016 ulikuta biashara milioni 7.41, na milioni 5.85 kati yake hazikuwa na leseni. Ukuaji wa kitu kama hicho hauhesabiwi kwa vidole.

Kibarua wa mashamba ya chumvi ya Gongoni anaweza kuonekana au kupotea kwa kutegemea tu kama mwajiri amemwandika. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa jumla ya mwezi mmoja au zaidi hugeuka mfanyakazi wa mkataba wa mwezi. Asiyetaka hilo humpumzisha kabla siku hazijatimia, na takwimu zikafuata daftari, si mgongo wa mtu.

Kuhusu ile "asilimia 67 ya vijana hawana kazi" inayozunguka kila kampeni: kwa kipimo kikali cha wanaotafuta haiwezi kusimama, maana hata robo mbaya ya 2020 kiwango cha jumla kilikuwa 10.4. Huenda anayeitaja anazungumzia kazi duni, au wasiokuwa na kazi rasmi, au sehemu ya vijana miongoni mwa wasio na ajira. Hayo ni mambo matatu tofauti. Aseme ni lipi. Afrika Kusini walipitia kinyume chake mwaka 2025: mkuu wa benki moja alidai kiwango chao cha asilimia 32.9 kingekuwa karibu 10 kama wachuuzi wangehesabiwa, na ofisi ya takwimu ikamjibu kwamba wachuuzi wamehesabiwa siku zote.

Namna ya kuitumia

Ya Marekani ukiwa na dakika kumi: usianze na kichwa cha habari. Tafuta aya ya masahihisho, iko mwishoni mwa maelezo kabla ya majedwali, na jumlisha miezi mitatu ya karibuni ugawe kwa tatu. Kisha A-1 kwa sehemu ya watu walio na kazi. Kisha A-15, ambamo kuna vipimo sita vya ukosefu wa ajira, kutoka mkali hadi mpana unaojumuisha waliokata tamaa na wanaofanya saa chache kwa kukosa zaidi. Mwanasiasa akihama kutoka U-3, kile cha kichwa cha habari, kwenda U-6, kile kipana kuliko vyote, baada ya kushindwa uchaguzi, utamnasa hapo. Majedwali ya tovuti husomeka vizuri kwenye simu kuliko PDF.

Ya KNBS, angalia chini ya kila jedwali. Mwaka wa mwisho huwa na kinyota kidogo kinachosema nambari ni ya muda. Weka toleo la mwaka huu na la mwaka uliopita pamoja, tafuta mwaka uleule katika yote mawili, na uone umehama kiasi gani. Hakuna msemaji atakayekufanyia kazi hiyo.

Kitabu chenyewe kwa kawaida hutoka Mei. Kinaeleza ajira za mwaka uliokwisha, na siku kinapozinduliwa Nairobi, wahudumu wa Casuarina wako nyumbani wanasubiri simu.